Kicheko cha Ndita

Watu hudhani wachekeshaji wakikaa wawili basi ni vicheko mtindo mmoja. Uongo mtupu. Njooni muwaone. Wamekaa, kahawa mbele yao, nyuso kama wametoka kusomewa hukumu. Mmoja anasema kitu ambacho ukumbini kingewaangusha watu vitini, na mwenzake anatazama kikombe chake, anafikiri, kisha anasema, "Imo." Basi. Hayo ndiyo makofi yetu.

Mimi na Redio tumefanya hivyo tangu tukiwa na nywele. Asubuhi baada ya kila onyesho alikuwa akija kunichukua kwa gari lake. Tunazunguka mji bila safari maalumu, tunaishia kwenye mkahawa ulio ubavuni mwa kituo cha mafuta, na njia nzima tunapitia vichekesho vya jana yake kimoja baada ya kingine. Kilichofaa, "imo". Kisichofaa, "haimo, itoe". Sheria ya gari ilikuwa moja tu: hakuna kucheka. Aliyeiweka ni yeye mwenyewe. Alisema kicheko cha rafiki ni rushwa, kinakupeleka jukwaani na uozo mkononi ukidhani umebeba dhahabu.

Gari lenyewe lilikuwa la zamani, umri mmoja na Redio. Refu, zito, giya kwenye usukani, kiti cha mbele kimoja kipana ambacho watu watatu wangekaa bila kugusana. Alilirithi kwa wakweze, nasi tukaliita Mama Mkwe, kwa sababu haliwashwi kwa pupa, halisemeshwi kabla halijapata joto, na likinuna barabarani unashuka unalibembeleza mbele za watu. Mlango wa upande wangu ulikuwa haufunguki kwa ndani. Kioo chake nacho kiligoma kushuka tangu mkono wa kuzungushia uvunjike. Kwa hiyo kila tulipofika mahali, Redio alishuka, akazunguka mbele ya boneti, akanifungulia kama dereva wa waziri. Na hakuwahi kunifungulia kimya. "Karibu mheshimiwa, wananchi wako wameshakimbia." Au, "Shuka taratibu, mzigo huu hauna bima." Fundi yeyote angeutengeneza mlango ule kwa muda mfupi, lakini Redio alikataa. Alisema ukipona yeye atakosa kazi.

Jukwaani kazi tuligawana hivi: yeye anasema, mimi nanuna. Ndiyo yote. Yeye alikuwa na sauti inayofika viti vya nyuma bila kipaza sauti, na mdomo usiojua kupumzika, ndiyo maana wakamwita Redio. Mimi nilisimama pembeni na suti nyeusi nimekunja uso, wakaniita Ndita. Anaposema jambo la kuvunja mbavu, watu wanacheka, kisha wanageuka kunitazama mimi kama nitacheka. Sicheki. Wanacheka tena, mara hii zaidi. Tulikula kwa kazi hiyo, tukajenga kwa kazi hiyo, tukazika wazazi wetu kwa heshima. Sijawahi kucheka jukwaani hata siku moja. Na kwa kuwa garini sheria ilikataza, Redio hakuwahi kusikia kicheko changu popote.

Redio ni mtu wa kawaida sana ukimtoa jukwaani. Mbishi, mwoga wa sindano, mpenzi wa sukari. Kikombe kimoja vijiko vinne. Alikuwa akinitania kwamba mimi kahawa naisubiri ipoe kama mtoto, na kweli nilikuwa naisubiri ipoe. Nilikuwa na sababu zangu.

Sauti yake ilianza kukwaruza wakati wa mvua. Tukasema mafua. Mvua zikaisha, sauti ikazidi kuharibika, ikawa kama mtu anayekokota kiti sakafuni. Tukapunguza maonyesho, kisha tukaahirisha. Siku moja akaniambia amekwenda kwa daktari, na daktari ameona uvimbe kwenye koromeo. Alilisema hilo akiwa anabadili giya, macho mbele. Nilingoja mwisho wake, maana Redio hana sentensi isiyo na mwisho wa kuchekesha. Haukuja.

Kisha Jumamosi moja mkewe akaja kwangu. Namwita shemeji, naye ananiita shemeji, na ni mwanamke ambaye huwa haingii nyumbani kwangu bila kunilaumu kwa vumbi. Siku hiyo hakuona vumbi. Alisimama mlangoni mwa jikoni ameshika mkoba kwa mikono miwili.

"Shemeji, amekataa."

"Amekataa nini?"

"Kupasuliwa. Daktari amempangia Jumatatu. Anasema wataondoa koromeo lote, sauti haitarudi, lakini ataishi. Wakiacha, mwaka hauishi naye. Na yeye anasema sauti yake ataondoka nayo." Akavuta kamasi, akajikaza. "Nimelia nimechoka. Watoto wamepiga simu wamechoka. Begi la hospitali nimeshapanga, liko nyuma ya mlango, kila akipita analipiga teke."

"Mimi nifanye nini?"

"Wewe ndiye mtu pekee ambaye yeye humsikiliza."

"Shemeji, mimi kazi yangu ni kumsikiliza yeye."

"Basi kesho badilishaneni," akasema, akaondoka bila hata kukaa.

Niliogopa. Sisemi kwa kupamba. Mke wangu alishatangulia, watoto wangu wana maisha yao mbali, na mtu niliyebaki naye katika dunia hii anayejua mimi ni nani bila kuelezwa ni Redio. Nilikaa pale jikoni nikitunga maneno ya kumwambia. Mtu aliyeishi kwa kunyamaza hawezi kutunga hotuba kwa siku moja. Kila nililolipata lilikuwa na harufu ya mahubiri, na Redio huwa hasamehe mahubiri.

Jumapili asubuhi akanipigia honi. Mama Mkwe akakohoa, na Redio naye akakohoa, akasema kwa ile sauti ya kukwaruza, "Sikia wawili hawa." Nilijua nilitakiwa kusema imo. Sikusema. Tukaondoka.

Tulipita barabara yetu ya siku zote, nyuma ya maghala, kisha uwanja wa mpira, kisha ule ukumbi wa manispaa ambapo tulianzia, ambamo sasa wanauza magodoro. Hakuna kilichosemwa. Redio kimya ni kitu cha kutisha, unasikia kila skrubu ya gari. Tulipofika mkahawani akashuka, akazunguka, akanifungulia. "Shuka, ndugu," akasema. Basi. Hakuongeza neno.

Ndani mashine ya kusagia kahawa ilikuwa inapiga kelele na sauti ya Redio haikuweza kushindana nayo. Akamwonyesha mwenye mkahawa kwa mikono kwamba tunaomba kunywea garini. Mwenye mkahawa ni mama mmoja mnene mwenye huruma iliyofichwa chini ya ukali. Akatupa vikombe vyake vyeupe vinene, akasema visiporudi atakuja kuvitafuta majumbani kwetu. Tukarudi kwenye Mama Mkwe, Redio akanifungia mlango, akazunguka, akaketi nyuma ya usukani.

"Haya," akasema. "Amekutuma, sema."

"Hajanituma mtu."

"Ndita, uongo jukwaani unakufaa, hapa haukufai."

Nikasema. Nilisema vibaya. Nilisema habari za watoto, za mkewe, za jinsi watu walivyo na maisha mazuri bila sauti. Alinitazama kama namsomea tangazo la dawa ya meno. Mwishowe nikakasirika, nikamwambia yeye ni mbinafsi, anataka kufa na makofi masikioni wakati wenzake watabaki wanafagia ukumbi.

"Makofi," akasema. Akaweka kikombe juu ya dashibodi. "Sasa umefika penyewe. Unakumbuka ulipolazwa na homa, nikapanda peke yangu?"

"Nakumbuka."

"Hukumbuki, hukuwepo. Nilisema maneno yaleyale. Hakimu na kuku. Mama mkwe kwenye lifti. Yote, kwa mpangilio uleule, kwa sauti hii ilipokuwa sauti. Ukumbi kimya. Mtu mmoja alicheka, nadhani alikuwa anaongea na simu." Akapumua, maana sentensi ndefu zilikuwa zinamchosha. "Nimekaa na jambo hilo kila siku tangu hapo. Watu hawakuwahi kunicheka mimi. Walikuwa wanacheka uso wako. Mimi nilikuwa kelele tu ya kukupa sababu ya kununa."

"Upuuzi."

"Ngoja. Wakikata sauti hii, kwangu hakibaki kitu. Uso unabaki na wewe. Ningekuwa na hakika kwamba nilikuwa nachekesha, kweli, mimi mwenyewe, ningelala kwenye kile kitanda wakate wanavyotaka. Mtu akishamaliza kazi yake anaweza kufunga duka. Lakini siwezi kufunga duka ambalo sijui kama liliwahi kuuza."

Nilitaka kusema kitu, akaninyanyulia mkono.

"Leo navunja sheria ya gari. Nina kimoja, kipya, hakijasikiwa na mtu. Ukicheka, kesho naingia hospitali. Usipocheka, tusilizungumze tena mpaka mwisho. Na usinidanganye. Mimi kicheko cha uongo nakijua kutoka chumba cha pili."

Nikasema sawa. Ningesema nini?

Akajiweka vizuri, akashika usukani kama anavyoshika kipaza sauti.

"Nilipotoka kwa daktari nikamwambia mke wangu: watatoa sauti yote, sitasema tena maisha yangu. Akalia. Akalia kilio cha kweli, nikaona kumbe huyu mtoto wa watu ananipenda. Nikatoka nje kupata hewa. Kurudi, nakuta sebule imejaa. Wanawake wa mtaa mzima. Nikasema, jamani, msiba mapema hivi? Mmoja akasimama, kwa adabu kabisa, akaniuliza: 'Shemeji, samahani, hiyo operesheni, ni lazima mume awe mgonjwa?'"

Hapo nilihisi kitu kinapanda kifuani. Lakini namjua Redio. Ana tabia ya kukuacha upumue, udhani amemaliza, ndipo akupige cha pili. Akanyamaza. Akanitazama. Akasema polepole:

"Na mke wangu, huku machozi yanamtiririka, akawaambia, 'Pangeni foleni.'"

Nataka mnielewe vizuri hapa. Nilitaka kucheka. Maisha ya rafiki yangu yalikuwa yananing'inia kwenye kicheko kimoja na kicheko kilikuwepo, kimefika kooni, kinagonga. Na mdomo wangu, mdomo huu uliofundishwa kazi moja tu, ukafanya kazi yake. Ukafunga. Uso ukakunja ndita zake. Na meno yakafanya yale yanayofanya siku zote.

"Imo," nikasema.

Redio akatikisa kichwa taratibu.

"Sikukuuliza kama imo."

Akageuza uso kwenye kioo cha upande wake. Niliona mabega yake yanashuka. Nilijua nimemuua. Nikachukua kikombe changu nikanywa ili nisionekane, nikanywa moto vilevile, nikaungua, nikakiweka haraka juu ya dashibodi. Yeye alikuwa anataka kuwasha gari. Mkono wake ukasimama kwenye ufunguo.

"Nini hicho?"

"Nini?"

"Kwenye kikombe. Ndita, unatoka damu."

Ilikuwa kwenye ukingo ule mweupe, alama ya mdomo wangu, nyekundu wazi. Nikajipangusa kwa kiganja, kiganja nacho kikawa chekundu.

"Nimejing'ata," nikasema.

"Umejing'ata lini?"

"Sasa hivi. Pangeni foleni."

Alinikazia macho. Nami, kwa mara ya kwanza katika urafiki wetu wote, nikamweleza siri yangu ya kazi. Nilimwambia kwamba binadamu hawezi kusimama kando yake akinuna kwa nguvu zake mwenyewe. Nilimwambia kwamba onyesho letu la kwanza kabisa nilikuwa karibu kuharibu kila kitu dakika za mwanzo, nikang'ata shavu kwa ndani ili kicheko kigeuke maumivu, na kikageuka. Tangu hapo sikujua njia nyingine. Marehemu mke wangu alikuwa akiniwekea glasi ya maji ya chumvi kila nikirudi. Daktari wa meno aliwahi kuniuliza nagombana na nani. Kahawa naisubiri ipoe kwa sababu kahawa ya moto juu ya kidonda si mchezo.

"Nilidhani unajua," nikamwambia. "Wallahi nilidhani unajua."

"Ningejuaje?"

"Ulikuwa umesimama hapo hapo!"

"Nilikuwa natazama watu! Wewe ulikuwa unanitazama mimi, mimi nilikuwa natazama watu!" Sauti ikamkatika, akakohoa mpaka akashika dashibodi. Kisha akatoa simu, akawasha taa yake. "Fungua mdomo."

"Acha wazimu."

"Fungua mdomo, mzee."

Nikafungua. Akanishika kidevu, akavuta shavu kwa kidole gumba, akaingiza mwanga. Watu wawili wazima, ndani ya gari bovu, mbele ya kituo cha mafuta, mmoja anamchungulia mwenzake kinywani. Gari jirani likatazama likageuza macho. Redio hakujali. Alitazama muda mrefu sana.

"Shavu la kushoto lote," akasema kwa sauti ndogo. "Na la kulia."

"Napokezana."

"Hili kovu la juu, hapa?"

"Hakimu na kuku," nikasema, kadiri mtu anavyoweza kusema na kidole mdomoni.

"Na hili refu?"

"Mama mkwe kwenye lifti. Ile siku ya kwanza uliposema pale manispaa. Nilitaka kufa."

Makovu hayana majina, na mengine nilikuwa nabahatisha. Lile refu sikubahatisha.

Akazima taa. Akakaa na simu mapajani. Kisha akakichukua kikombe changu, akakipangusa ule ukingo kwa leso yake, taratibu, kama chombo cha mgeni. Niliona machozi yanamshuka na hakujisumbua kuyafuta.

"Mjinga wewe," akasema. "Miaka yote hiyo. Ungeniambia mara moja tu."

"Ningekuambia ungeongeza. Nakujua. Ungehakikisha navunjika mbele za watu, na tungelala njaa."

Akafikiri. "Kweli," akasema. "Ningekuua."

Akawasha gari. Mama Mkwe alikataa mara ya kwanza, akakubali ya pili. Mwenye mkahawa akatoka mbio kudai vikombe vyake, tukavipitisha dirishani kwa upande wa Redio. Tulipoingia barabarani akauliza, bila kunitazama, "Shemeji yako amesema begi liko wapi?"

"Nyuma ya mlango. Unalipiga teke."

"Asubuhi nilihisi kuna kitu," akasema. Hilo lilikuwa karibu jambo la mwisho la kuchekesha nililolisikia kwa sauti yake.

Walimkata Jumatatu. Aliishi, na sauti ilikwenda. Sitaki kulipamba. Nilikuwa nikiketi kando ya kitanda chake, naye ana bomba shingoni, nikahuzunika kuliko nilivyojiandaa, kwa sababu mtu unaweza kumshika mkono na bado ukamkosa. Nyumbani nilijikuta nasubiri simu ambayo isingepigwa. Niliizoea sauti ile kuliko ninavyoizoea yangu.

Kisha asubuhi moja nikasikia honi. Alikuwa amejifunga skafu shingoni, amekonda, ananitazama kama mtu anayesubiri kukaguliwa. Aliniambia kwa kidole nipande, akanifungia mlango. Tukapita maghala, uwanja, duka la magodoro. Safari hii nilisema mimi. Nilisimulia habari za jirani yangu na mbuzi wake, nikaiharibu katikati, nikasahau mwisho. Redio akanyoosha mkono, akautikisa juu ya usukani: haimo. Nikasema najua haimo. Kisha hakukuwa na la kusema tena, na ukimya ule ulinibana mpaka nikatamani tusingetoka.

Tukafika mkahawani. Akazima gari, akashuka, akazunguka mbele ya boneti kama siku zote. Nikajikaza. Nilijua atanifungulia bila neno, na nilikuwa naliogopa jambo hilo tangu hospitali.

Hakunifungulia. Alisimama nje, mkono kwenye kitasa, ananitazama kupitia kioo.

"Fungua," nikasema.

Akainua nyusi.

"Redio, fungua mlango!"

Akaweka kiganja nyuma ya sikio. Akakunja uso, akajitahidi kusikia, maskini. Nikapaza sauti, nikagonga kioo, "Fungua, jamani, watu wanatutazama!" Naye akanionyesha midomo yangu kwa kidole, kisha akagusa kioo mbele ya koo langu, kisha akatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa, kama daktari anayempa mgonjwa habari. Pole sana. Sauti haitoki. Na taratibu, kwa huruma, akafungua skafu yake shingoni na kuninyooshea, nijifunge mimi.

Nilicheka. Kilitoka chote, mdomo wazi, cha mzee asiye na adabu, nikapiga dashibodi, nikalia, nikashindwa kupumua. Sikung'ata kitu. Mwenye mkahawa alitoka mlangoni na kitambaa mkononi kuangalia nani anakufa. Redio hakumgeukia. Aliinama, akaegemeza sikio lake kwenye kioo, akafumba macho, na hakufungua mlango mpaka nilipomaliza.